Pumzi za Dakika Nzima

Wendelin hakuwa na baiskeli, hakuwa na koti la mvua, hakuwa na mtu wa kumwuliza ameshindaje, na zaidi ya yote hakuwa na saa yenye mshale wa sekunde. Bila saa hiyo asingeanza kazi Jumatatu: kuhesabu pumzi za wagonjwa wanaozinduka baada ya upasuaji, kwa utafiti wa dawa mpya ya usingizi.

Alikuwa ameshika moja kwenye meza ya fundi saa, sokoni Ifakara, aliposikia sauti.

"Kaka, hiyo inachelewa."

Alikuwa dada mwenye kitenge cha njano, akinukia sabuni ya hospitali.

"Umejuaje?"

"Nimeirudisha mimi jana."

Fundi akatazama pembeni.

Jumatatu wakakutana tena wodini. Dada huyo, Odilia, alikuwa mtaalamu wa usingizi na msimamizi wake. Mwezi haukuisha, simu zikaanza.

"Mpenzi, umetoka?"

"Bado mgonjwa mmoja."

"Chapati zinapoa, shauri yako!"

"Nakuja mama, nakimbia."

Kweli alikimbia. Ijumaa moja Odilia akamwita ofisini, na hakumwita mpenzi.

"Wagonjwa arobaini na mmoja, Wendelin. Kumi na sita, kumi na nane, ishirini. Zote zinagawanyika kwa mbili. Hakuna hata mmoja aliyepumua mara kumi na saba?"

Wendelin akavuta mkono wa shati juu ya saa yake.

"Umehesabu nusu dakika, ukazidisha mara mbili."

"Nilikuwa nakuwahi wewe."

"Usinitwishe! Mtu mwenye dawa ya usingizi mwilini anaweza kusahau kupumua katika hiyo nusu uliyoiacha. Halafu tuseme dawa ni salama, wapewe mama zetu?"

Siku tatu Odilia hakupokea simu zake. Wendelin hakutulia, alitembea kutoka stesheni hadi sokoni na kurudi, akihesabu pumzi za wabeba mpunga.

Siku ya nne alimpa Odilia barua aliyoiandika, aisome. Ilikuwa ya kwenda kwa daktari mkuu wa utafiti, Dar es Salaam: rekodi alizoandika yeye Wendelin zifutwe zote, kosa ni lake mwenyewe.

"Watakufukuza."

"Najua."

"Na baba yangu kule Sanje utamwambia unafanya kazi gani?"

"Kwamba nalima mpunga Michenga. Na sidanganyi tena."

"Kaa. Nyamaza."

Akamwekea kiganja kifuani, macho kwenye saa. Dakika nzima.

"Ishirini na tatu," alisema. "Una wasiwasi, mchumba."

Akailamba bahasha mwenyewe, akaibana kwa kidole gumba. Posta, karani akaigonga muhuri na kuitupa kwenye mfuko wa Dar es Salaam.