Chumvi Haizai

Kila asubuhi, kabla kengele haijagongwa, wanafunzi wa darasa la sita pale shuleni Kitanga walifagia uwanja na kumwagilia miche. Juma hilo la Julai, mwaka 2013, Verediana alikuwa na kazi ya ziada, nayo ni kulinda sahani.

Ndani ya sahani hiyo mlikuwa na maji ya chumvi. Mwenzake Recho ndiye aliyepima chumvi, vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kwa rula. Mwalimu Leonidasi wa sayansi aliwaagiza waianike juani mpaka maji yote yageuke mvuke, chumvi ibaki peke yake. Wakifaulu, wangekwenda kuonyesha kazi yao Kasulu mjini. Recho alikuwa hajawahi kufika Kasulu. Sare yake alikwisha kuifua na kuikunja chini ya godoro.

Siku ya tatu maji yalikauka. Verediana akaona kazi imekwisha, akaenda zake kucheza rede. Aliporudi, lo! Mbuzi anamalizia kulamba sahani. Mbuzi na chumvi, nani asiyejua? Badala ya kusema, msichana yule alikimbia nyumbani, akachota chumvi ya jikoni kwa kiganja, akaimwaga sahanini. Haraka haraka haina baraka, na kiganja si kijiko.

Mwalimu aliipima mbele ya darasa kwa kijiko kilekile. Kimoja, viwili, vitatu na nusu.

“Chumvi haizai,” alisema. “Nani alipima?”

Recho alisimama, akaapa kwamba alitia viwili tu. Mwalimu akamwambia aketi, kwani asiyejua kupima hawezi kwenda Kasulu. Recho hakulia. Aliinamia dawati lake.

Kumwona hivyo kulimchoma Verediana kuliko fimbo. Aliinuka.

“Mwalimu, Recho hana kosa. Mbuzi aliilamba chumvi yetu nikiwa mchezoni. Hii niliileta mimi kutoka nyumbani.”

Wachache walicheka, lakini walipomwona Mwalimu alivyokunja uso, wakaacha. Mwalimu alimwendea Recho, akamwomba radhi kwa kumhukumu kabla hajauliza vizuri. Kisha akawapa sahani nyingine waanze upya.

Safari hii Verediana alipewa ruhusa ya kukaa nayo nje, fimbo mkononi, na hakubanduka. Maji yalipokauka, walipata vijiko viwili, kasoro punje chache. Kwenda Kasulu alichaguliwa Recho, pamoja na Nasma wa dawati la nyuma. Verediana mwenyewe ndiye aliyeifunga sahani kwa kitambaa, akamkabidhi mwenzake. Iliuma, lakini alijua ni haki.

Gari lilipoondoka, Mwalimu alimgeukia.

“Umejionea, Verediana. Jua hukausha maji, kilichokuwamo kikabaki. Uongo nao hukauka vivyo hivyo, na ukweli hubaki sahanini, kila mtu akauona. Afadhali uuseme mwenyewe mapema, kabla mwenzio hajaumia.”

“Ndiyo, Mwalimu,” aliitikia, akaokota ufagio wake.