Mwandiko wa Lorna

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mashamba ya majani chai, Bosibori aliketi kwenye kigoda jikoni na kufanya hesabu tano. Baba yake, Joash Ombui, alisimama mlangoni akinywa chai huku akimtazama. Hesabu hizo alizitoa yeye mwenyewe kwenye vitabu vya zamani vya Lorna, dada yake Bosibori. Bosibori akikosea, Joash hakugomba. Alitikisa kichwa tu na kusema, "Dada yako angekuwa amemaliza." Kisha alijitwika kikapu chake mgongoni, akaenda kuchuma chai.

Bosibori alivaa sare yake akateremka kwenda shule, karibu na soko la Masimba. Alikuwa Gredi ya Tisa. Njia nzima aliyasikia maneno yale, na yalimuuma kuliko kiboko.

Joash na mkewe, Persis, walijaliwa mabinti wawili tu. Lorna ndiye aliyekuwa kifungua mimba. Tangu darasa la kwanza alishika nafasi ya kwanza, na majirani walizoea kumwita Daktari kwa sababu ndiyo kazi aliyosema angefanya. Siku moja, akiwa Kidato cha Tatu, alianguka uwanjani wakati wa michezo. Hospitalini mjini Kisii, madaktari waligundua kwamba moyo wake ulikuwa na tundu tangu alipozaliwa. Walianza kupanga apelekwe Nairobi akapasuliwe. Siku ya tisa, kabla safari haijawa tayari, Lorna alifariki. Persis alirudi nyumbani akiwa amebeba viatu vya shule vya binti yake ndani ya mfuko, na hakuviachilia hadi jioni.

Baada ya mazishi, Joash alisimama mbele ya jamaa waliobaki na kusema, "Kungekuwa na daktari katika nyumba hii, angeuona ugonjwa huo mapema. Nyumba hii itakuwa na daktari."

Hakuna aliyemuuliza daktari huyo atakuwa nani. Macho yote yalimgeukia Bosibori, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili.

Bosibori hakuwa mvivu. Alisoma alfajiri na akasoma baada ya kuosha vyombo. Hata hivyo, Sayansi na Hisabati zilimkataa. Alama zake zilipanda kidogo, zikashuka tena. Kila ripoti ilipofika nyumbani, Joash aliikunja taratibu na kuitia mfukoni.

Kitu alichokiweza Bosibori kilikuwa herufi. Kilianza wiki mbili baada ya Lorna kuzikwa. Alifungua daftari la Biolojia la dada yake na kuuona mwandiko wake: herufi zimeinama kidogo kuelekea kulia, mkia wa "g" ni mrefu umejikunja, na "L" imesimama kama mtu anayeinua mguu aanze safari. Bosibori alishtuka alipojaribu kuikumbuka sauti ya Lorna akilitaja jina lake na asiikumbuke vizuri. Akaogopa kwamba na mwandiko ungepotea hivyo hivyo. Alichukua penseli, akafungua kurasa tupu za nyuma za daftari hilo, akaanza kuiga. Aliiga siku baada ya siku hadi mkono wake ukazoea.

Baadaye alijifunza herufi nyingine: nene, nyembamba, zenye kivuli. Wanafunzi wenzake walimletea madaftari yao awaandikie majina. Mwalimu Omosa, aliyefundisha Sanaa, alimpa brashi na mabaki ya rangi, naye akaandika kwenye ukuta karibu na mfereji wa shule: "Nawa mikono kwa sabuni." Hata wapita njia walisimama kuyatazama maandishi hayo.

Muhula wa pili ulipofika, wanafunzi wa Gredi ya Tisa walipewa fomu za kuchagua mkondo wa masomo watakaoufuata katika shule ya upili. Jumapili alasiri, baada ya kutoka kanisani, Bosibori alimpelekea baba yake fomu hiyo jikoni. Persis alikuwa akichochea moto chini ya sufuria ya ndizi.

"Tata," Bosibori alisema, kama watoto wa Kisii wanavyowaita baba zao, "Mwalimu Omosa anasema ningefaulu katika mkondo wa Sanaa."

"Sanaa?" Joash aliuliza. "Nikupeleke shule ukachore maua? Utajaza Sayansi."

"Lakini Tata, Sayansi..."

"Lete vitabu vyako nione unavyosoma."

Bosibori alivileta. Joash alivifungua kimoja kimoja. Daftari la mwisho halikuwa na jalada la mbele, na lilifunguka upande wa nyuma. Ukurasa baada ya ukurasa aliona herufi tupu, mistari na mistari ya "g" na "L".

"Kumbe ndiyo sababu!" alifoka. "Mimi navunjika mgongo shambani, wewe unachezea karatasi!"

Kabla Bosibori hajatamka neno, daftari lilikuwa motoni.

"Baba Lorna!" Persis alipiga kelele. "Hilo ni daftari la Lorna!"

Joash aliganda. Kisha akauingiza mkono wake wa kulia kwenye moto. Alichokitoa kilikuwa kipande cha jalada la nyuma, kikubwa kama kiganja, kisicho na neno hata moja. Vidole vyake viliungua. Persis alimmwagia maji baridi mkononi, lakini yeye hakuonekana kuhisi chochote. Alikitazama tu kile kipande.

Kwa siku kadhaa Joash hakuweza kuchuma chai. Aliketi nje, mkono umefungwa kitambaa, na asubuhi hakumpa Bosibori hesabu yoyote. Bosibori aliamini kosa lote ni lake. Angekuwa ameiga kwenye karatasi nyingine, mwandiko wa dada yake ungekuwapo. Siku ya Jumatano aliijaza fomu, akachagua Sayansi, na kumpelekea baba yake.

"Nimejaza ulivyotaka, Tata. Bado sahihi yako."

"Iweke mezani," Joash alijibu bila kuinua uso.

Keshoye, Mwalimu Omosa alimkuta Bosibori nyuma ya darasa akilia. Alimketisha akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwandiko wa dada yako bado unaukumbuka?" Mwalimu aliuliza.

"Naukumbuka, Mwalimu. Hata nikifumba macho."

"Basi haujaungua wote. Baba yako hajui hilo. Hawezi kuelewa jambo ambalo hajawahi kuambiwa."

Bosibori aliomba msasa na rangi kidogo, nyeupe na nyeusi, naye Mwalimu akampa.

Kaburi la Lorna lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Msalaba wake wa mbao uliandikwa kwa haraka siku ya mazishi, na mvua ya miaka miwili ilikuwa imelifuta jina. Jumamosi asubuhi Bosibori aliupiga msasa na kuupaka rangi nyeupe. Jumapili rangi ilipokauka, alipiga magoti, akashusha pumzi, na kuandika taratibu: Lorna Kemunto Ombui. Hakuandika kwa herufi nene wala zenye kivuli. Aliandika kama Lorna alivyoandika jina lake kwenye madaftari.

Alikuwa bado anaosha brashi wakati Joash alipotokea, akielekea kwenye migomba. Alisimama ghafla, akakaribia, akainama. Alinyoosha kidole, akakirudisha asije akaiharibu rangi.

"Nani ameandika hapa?"

"Ni mimi, Tata."

"Huu ni mwandiko wake," Joash alisema. "Huu ni mkono wa Lorna kabisa."

Aliketi kwenye nyasi na kulia kwa sauti. Bosibori hakuwahi kumwona baba yake akilia, hata siku ya mazishi. Aliogopa, kisha akasogea na kuketi karibu naye.

"Nilidhani unacheza," Joash alisema baada ya muda.

"Nilikuwa naogopa kumsahau." Bosibori aliiweka brashi chini. "Tata, siwezi kuwa Lorna. Nimejaribu. Nimejaribu sana."

Joash aliutazama tena ule msalaba.

"Najua umejaribu," alisema. "Zile hesabu za asubuhi, nilikuwa nazungumza na dada yako. Sikuwa nazungumza na wewe. Nisamehe, mwanangu."

Kesho yake Bosibori aliomba fomu mpya shuleni, na jioni wakaijaza pamoja mezani, Persis akiwaangalia huku akijifuta macho kwa ncha ya leso. Joash alitia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Haikuwa rahisi baada ya hapo. Bosibori aliendelea kusoma masomo yote hadi mtihani, kwa maana Mwalimu Omosa alimwonya kwamba Sanaa nayo inataka kazi. Wakati wa likizo alijifunza kupima ukuta na kuchanganya rangi. Shule zilipofunguliwa Januari, aliingia Gredi ya Kumi katika shule moja ya Nyamira, mkondo wa Sanaa. Kabla ya muhula wa kwanza kwisha, mwalimu mkuu alikuwa amempa kazi ya kuandika bango kubwa la langoni. Ripoti yake ya kwanza katika Sanaa ilikuwa bora kuliko za darasa lote.

Mwaka huo fomu zilipotolewa tena, Mwalimu Omosa alimwomba Joash azungumze na wazazi wa Masimba. Katika mkutano wa wazazi shuleni, Joash alisimama, kofia mkononi.

"Mimi si msemaji," alianza. "Nilikuwa na watoto wawili. Mmoja alifariki. Wa pili alikuwa hai mbele yangu, na mimi nikamlazimisha aishi maisha ya dada yake. Kila aliposhindwa, niliona ni uvivu. Kumbe nilikuwa namsukuma kwenye njia ambayo haikuwa yake. Lorna angekuwa daktari mzuri. Bosibori ana mkono wa kuandika. Kabla hamjajaza fomu hizi, muulizeni mtoto anapenda nini, na mtazame anafanya nini vizuri bila kusukumwa. Kisha mhimizeni aifanye kazi hiyo kwa bidii yake yote."

Mzee mmoja aliyeketi nyuma, Thadeus, jirani aliyesaidia kulibeba jeneza la Lorna, alimuuliza kwa upole, "Na ule uchungu, ndugu yangu, umekwisha?"

"Haujaisha," Joash alijibu. "Lakini sasa namlilia Lorna, na Bosibori namwona."

Aliketi. Mmoja baada ya mwingine, wazazi wakaziweka kalamu chini, wakazikunja fomu zao, na kwenda nazo nyumbani.