Roshani ya Jihan

Wiki ya Idi mtaa wa Muski hujaa hadi mtu hajui mguu upi ni wake. Nermin alikuwa akijipenyeza katikati ya wauza vitambaa, mkoba kaubana kwapani, gauni jipya la rangi ya maziwa mwilini, alipohisi kitu cha baridi kikimpangusa mkono. Kugeuka, kijana mrefu mwenye ndevu zisizojua kitana amebeba picha kubwa begani, na rangi yake mbichi ya kijani imehamia kwenye gauni.

"Samahani, dada. Nimekuharibia nguo."

"Umeniharibia, halafu umesimama unatabasamu?"

"Naiangalia hiyo kijani. Imekukaa vizuri kuliko ilivyokaa kwenye picha."

Nermin alikuwa na tusi tayari mdomoni, akalimeza. Akaitazama picha: roshani, nguo zilizoanikwa, jua la asubuhi.

"Ndiyo kwenu hapo?"

"Kwa jirani," akajibu, upesi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Aliitwa Wagdi. Alichukua namba yake ya simu ili ampelekee gauni kwa dobi. Doa halikutoka, na simu hazikukoma. Nermin alikuwa mfamasia huko Shubra, na kama wafamasia wote aliitwa daktari, ila Wagdi alilitamka neno hilo kwa namna yake.

"Daktari, nina ugonjwa."

"Unaumwa wapi?"

"Sijakuona tangu jana."

"Kunywa maji mengi, ulale."

Wakala koshari, wali uliochanganywa na dengu, wamesimama kando ya barabara, wakatembea darajani juu ya Nile mikono ikigusana kama kwa bahati mbaya. Miezi ikapita hivyo, mitamu.

Kisha Wagdi akapata maonyesho yake ya kwanza ya picha, huko Zamalek. Nermin akavaa gauni la buluu, akajipaka wanja, akaenda kujivunia mtu wake. Alipoingia tu, fahari ikamkauka. Kila ukuta ulikuwa na roshani ileile: ikiwa na magodoro yanayopigwa jua, ikiwa na kikapu kinachoteremshwa kwa kamba, ikiwa na mwanamke aliyeinama, shingo wazi, nywele zimelowa. Na mwanamke mwenyewe alikuwepo ukumbini, kavaa zambarau, mumewe kando, watu wakimpongeza kwa jina: Jihan.

Nermin hakuaga. Wagdi alipopiga simu, Nermin alikuwa keshafika kwao.

"Ulimpenda?"

"Nilimpenda. Nilikuwa mtoto wa nyumba ya pili, namwangalia dirishani. Sikuwahi hata kumsalimia."

"Na mimi umenichora mara ngapi?"

Akasikika akivuta kiti.

"Nakuuliza, Wagdi."

"Hata mara moja. Tangu nikujue sijashika brashi."

Akakata simu. Wivu ukamkalia kifuani kama mgeni asiyejua kuaga. Yule kapewa kuta zote na rangi zote za asubuhi. Yeye kapewa doa. Kazini, mzee aliyeomba dawa ya kikohozi alimpa ya macho, akamfuata mbio barabarani kumbadilishia.

Wagdi alivumilia siku chache, kisha akaja dukani, akapanga foleni nyuma ya kina mama.

"Unataka nini?" Nermin akamuuliza bila kuinua macho.

"Kusema. Babu yangu alikuwa mwandika vibao vya maduka. Yeye ndiye aliyenipa brashi. Kuchora nilijifunza dirishani. Nilichora nisichoweza kukisogelea. Wewe nikikutamani napiga simu, unapokea, natosheka."

Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Mjibu basi mwenzio, tuna wagonjwa nyumbani."

"Kwa hiyo nimekukausha," Nermin akasema.

"Umenifurahisha."

"Sitaki kuolewa na mtu aliyeacha kazi yake kwa furaha. Nenda kajifunze kuchora kilicho karibu. Ukishindwa, angalau tujue."

Akaenda. Akaanza kuja asubuhi na daftari, anakaa pembeni ya kaunta, anachora, anachana, anachora tena. Mikono aliyoichora ilimtoka kama miguu ya kuku, Nermin akamcheka mbele ya wateja. Kisha ghafla akaacha kuja. Simu ikaita bila kupokewa, jana, leo. Nermin akawaza ile zambarau ya Jihan. Akafunga duka mapema, akapanda ngazi hadi chumba cha Wagdi juu ya paa, moyo unawaka.

Hapakuwa na zambarau. Wagdi alikuwa amesimama mbele ya picha kubwa, rangi hadi kwenye nyusi, chai imepoa haijaguswa. Kwenye picha alikuwepo Nermin nyuma ya kaunta, ameinamisha kichwa, anahesabu vidonge, uso mkali na mzuri kuliko alivyowahi kujiona kwenye kioo. Wagdi hakugeuka. Hakusikia hata mlango.

Nermin akasimama pale, na wivu ukampanda upya, safari hii dhidi ya mwanamke yule wa rangi aliyeangaliwa hivyo siku nzima. Akavua viatu, akapita, akajiweka katikati yao wawili.

"Niangalie mimi."

Wagdi akashusha brashi, akamwangalia, taratibu, kama mtu anayerudi kutoka mbali.

"Ijumaa uje kwa baba, pamoja na wazee wako, mnipose," Nermin akasema. "Kabla huyu wa pichani hajanipokonya."