Sola Iliyotazama Barabara

Kila asubuhi Mshonaji alianza siku yake bafuni, ndoo mkononi. Alifungua koki ya maji ya moto, akatia mkono chini yake, akasubiri. Maji yalitoka baridi mpaka yakajaza nusu ya ndoo. Ndipo yalipoanza kuwa vuguvugu. Moto hasa hayakuwa. Watoto waliruka chini yake wakitetemeka, wakakimbilia shule. Mumewe, Kinyozi, aliingia akipiga mluzi na kutoka akinung'unika. Wa mwisho alikuwa Bibi, mama yake Kinyozi.

Bibi alihamia kwao tangu vidole vyake vilipoanza kukakamaa. Daktari alisema aoge maji ya moto asubuhi, viungo vilegee. Mshonaji alimshonea magauni yenye vifungo vikubwa, lakini hata hivyo vilimshinda. Kwa hiyo kila asubuhi Bibi alitoka bafuni ameshikilia gauni kifuani, akasimama mbele ya mkwe wake kama mtoto wa chekechea, akafungwa vifungo.

Asubuhi moja, Mshonaji alipokuwa anafunga kifungo cha juu, vidole vya Bibi vilimgusa shingoni. Vilikuwa baridi kama chuma.

"Mama, umeoga maji gani?"

"Maji ni maji, mwanangu."

"Mimi nimeuliza ni maji gani."

Bibi akatazama pembeni. "Ya koki ile nyingine. Ya baridi. Yananichangamsha."

"Tangu lini?"

"Tangu niliposikia mnagombana kuhusu umeme. Kila mara unaisha kabla ya mwezi kuisha. Mimi ndiye ninayekawia bafuni kuliko wote. Sasa nifanye nini, niwamalizie umeme kwa ajili ya vidole?" Akashusha pumzi. "Nimeamua. Jumapili narudi kwangu. Ila usimwambie mwanangu habari ya maji. Ataumia bure."

"Kwako nani atakufunga vifungo?"

"Nitavaa nguo zisizo na vifungo."

"Na nani atakushonea?"

Bibi akaenda zake jikoni. Mshonaji alipopita chumbani kwake kufagia, aliona begi chini ya kitanda. Lilikuwa limeshafungwa zipu.

Mshonaji hakuwa mtu wa machozi. Alitoka nje, akaweka mikono kiunoni, akatazama juu ya paa. Sola ya kuchemshia maji ilikuwa pale, tangi lake limelala juu kama nguruwe aliyeshiba. Kinyozi aliinunua mwaka uliopita. Fundi alipouliza iwekwe wapi, Kinyozi alimjibu, "Weka mbele, paa la barabarani. Kila anayepita ajue." Kweli kila aliyepita alijua. Ila maji hayakuwahi kuchemka vizuri. Basi wakawasha ile hita ya umeme iliyomo ndani ya tangi, wakaiacha inawaka usiku na mchana. Kinyozi alikuwa na maelezo mafupi: "Tumeuziwa mtambo mbovu."

Mshonaji akaenda ukutani, akaita, "Spana! Spana, upo?"

Spana alikuwa jirani yao, mwanamke aliyesomea ufundi bomba chuoni. Jina hilo alipewa kwa sababu hakutoka nyumbani bila spana, hata akienda harusini. Alikuja, akapanda ngazi, akagusa hapa na pale, akafuta vumbi kwenye kioo, akashuka.

"Mtambo ni mzima," alisema.

"Mzima vipi, na maji ni baridi?"

"Naweza kukuambia, lakini nataka uone mwenyewe, maana mumeo ni mbishi. Wewe si unashona hapa barazani kutwa? Una chaki ya kuchorea nguo?"

"Ninayo."

"Kila ukimaliza nguo moja, tazama kivuli cha ile ghorofa ya mbele kimefika wapi. Chora ukingo wake hapa sakafuni. Halafu utazame juu, uone sola inapata jua au haipati. Na nyuma ya nyumba tundika shuka moja bichi."

Mshonaji akaketi kwenye cherehani. Alipomaliza sketi ya kwanza, kivuli kilikuwa nusu ya baraza. Akakichora. Akaweka zipu kwenye suruali ya mwalimu, akatazama tena. Kivuli kilikuwa kimepanda ukutani, na sola yote ilikuwa ndani yake. Akachora mstari wa pili pale ukutani. Hata chai ya saa nne ilikuwa haijanywewa. Alimaliza blauzi, akamaliza mapazia, na kivuli bado kipo. Alipokwenda nyuma, shuka lilikuwa limekauka kau, na jua la alasiri bado lilikuwa linaunguza bati juu ya jiko.

"Sasa?" aliuliza Spana aliporudi jioni.

"Sola yetu inatazama barabara," alisema Mshonaji. "Haitazami jua."

"Umemaliza kazi yangu. Mtambo huu hauna uchawi. Unapokea jua na kulitia majini. Ukikaa kivulini, utatia nini? Unatakiwa uwe mahali panapopata jua kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na uinamishwe kufuata jua linakopita. Paa la nyuma linafaa."

"Na hita ya umeme?"

"Niambie wewe. Unaweza kuiacha sufuria ya chai motoni siku nzima, eti huenda mgeni akaja?"

"Siwezi. Nina kichaa?"

"Basi tangi lenu ndiyo hiyo sufuria. Maji yanapoa, hita inayachemsha. Yanapoa tena, inayachemsha tena, na ninyi mko kazini na shuleni. Hita iwashwe siku ya mawingu tu, muda mfupi kabla ya kuoga, kisha izimwe."

Spana akamwonyesha bomba la maji ya moto. Lilitoka paa la mbele, likatambaa nje ya ukuta, likazunguka kona, ndipo likaingia bafuni. Lilikuwa tupu, halijavikwa chochote.

"Njia yote hii maji yanaota upepo," alisema Spana. "Na yale yaliyolala bombani ndiyo yale baridi unayomwaga kila asubuhi. Sola ikihamia nyuma, bafu liko hapa hapa chini yake. Bomba litakuwa fupi. Nalo tutalivika sponji ya mabomba. Ni kama soksi."

"Soksi naelewa. Kazi iliyobaki ni mume wangu."

Kinyozi alirudi akiwa na njaa na habari za wateja. Alisikiliza huku anakula. Mkewe alipofika kwenye neno "nyuma", kijiko kilisimama hewani.

"Nyuma? Huko nani ataiona? Kuku?"

"Kuku na jua."

"Watu watasema tumefilisika, tumeuza sola."

"Waseme. Wanaoga hapa?"

"Mama watoto, mtambo ni mbovu. Mimi nilishasema."

Mshonaji akamvuta barazani, akamwonyesha mistari ya chaki. "Huu ni wa sketi. Huu ni wa suruali ya mwalimu. Kuanzia hapa mtambo wako uko gizani."

Kinyozi aliitazama mistari ile, akaufuta mmoja kwa kidole cha mguu, kama vile ingesaidia. "Nitafikiria," alisema. Mshonaji aliijua hiyo nitafikiria. Ilikuwa ya kumalizia mazungumzo. Na Jumapili ilikuwa inakuja.

Habari ya maji hakumwambia, kama Bibi alivyoomba. Kesho yake asubuhi alisema tu, "Baba watoto, leo mfunge mama vifungo wewe. Mimi nina unga mikononi."

Kinyozi akaenda akicheka. "Njoo, mama, leo umepata fundi mpya." Akashika kifungo cha kwanza. Kisha akashika mkono wa mama yake, ule uliokuwa umeshikilia gauni. Akaacha kucheka. Akaugeuza, akautia kati ya viganja vyake.

"Mama. Hukuoga maji ya moto?"

Bibi alijaribu kuuvuta mkono. "Mikono yako wewe ina joto, mwanangu. Ndiyo maana unauona wangu baridi. Ni kwa sababu ya zile taulo zako."

Kazini, Kinyozi alikuwa na chombo cha mvuke. Hakuna mteja aliyenyolewa ndevu bila kuwekewa kwanza taulo ya moto usoni. Alisifika kwa hilo. Sasa alisimama sebuleni, mkono wa mama yake mkononi. Alifunga vifungo vyote, polepole, hadi cha juu. Kisha akatoka, akasimama ukutani.

"Spana! Una nafasi lini?"

"Jumamosi," sauti ilijibu. "Ngazi yangu fupi. Azima ndefu."

Jumamosi sola ilihama. Ilishuka kwa kamba na kelele nyingi, Kinyozi akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Spana aliifunga juu ya jiko, akalivika bomba soksi yake, akaziba kwa lami matundu ya paa la mbele. Bafuni alifunga kichwa kipya cha shawa, chenye matundu madogo. "Maji machache, lakini yanakufikia mwili mzima," alisema. Kisha akafunga koki ya kuchanganya maji, akamwita Bibi.

"Bibi, haya maji sasa yatachemka kweli, yanaweza kukubabua. Anza na baridi, ongeza moto taratibu. Jaribu kwa kifundo cha mkono kabla ya kusimama chini yake. Ukijipaka sabuni, funga koki."

"Mjukuu wangu, mimi nimeoga tangu kabla hujazaliwa."

"Kwa koki hii?"

Bibi akafikiri. "Haya. Nionyeshe tena."

Jumapili jua liliwaka tangu asubuhi. Swichi ya hita ilikuwa imezimwa, na Mshonaji alikuwa ameibandikia kipande cha kitambaa chekundu ili asiiguse mtu ovyo. Begi la Bibi lilikuwa mlangoni. "Nitaoga mara moja, kisha niende," alisema mchana, akaingia bafuni.

Alikaa humo. Wakasikia maji, kisha kimya cha sabuni, kisha maji tena. Halafu wakasikia anaimba.

Kinyozi akagonga mlango. "Mama, na sisi tupo."

"Nenda kaoge kazini kwako, kwenye taulo," Bibi alijibu kutoka ndani.

Siku hizi wapita njia huuliza ile sola iko wapi. Kinyozi hachoki. Huacha alichoshika, akawaleta mpaka uani, akawasimamisha katikati ya kuku. "Tazameni jua linapopiga," huwaambia. "Mtu asiwadanganye muweke mbele." Hasemi mtu huyo alikuwa nani. Umeme unatosha mwezi mzima, isipokuwa mvua zikiwa nyingi.

Lakini Jumapili ile, Mshonaji alikuwa amesimama nje ya bafu kama kawaida, tayari kufunga vifungo. Mlango ukafunguka, mvuke ukatoka, kisha Bibi. Gauni lilikuwa limefungwa lote, mpaka shingoni. Kifungo kimoja kilikuwa kimekosa tundu lake, upande mmoja wa kola ukawa juu kuliko mwingine.

Mshonaji, ambaye hakuwahi kuona mshono umepinda akanyamaza, alinyamaza. Akaliinua begi mlangoni, akalirudisha chumbani.