Shairi la Bibiana

Kila Jumamosi, Magreti akishafua sare zake za shule, alikimbilia ukumbi ulio karibu na stesheni ya Kilosa. Saa tisa alasiri Mwalimu Hezekia alifungua jukwaa la mashairi, na yeyote mwenye lake alipanda. Sharti lilikuwa moja tu: kabla ya kusoma, utaje jina lako na useme shairi ni la nani.

Jumamosi hiyo Magreti hakuwa na shairi. Alikuwa na daftari la Bibiana, binti wa mama yake mdogo, aliyekuja likizo kutoka Kidodi akalisahau. Ndani mlikuwa na shairi kuhusu baba yake Bibiana, dereva wa lori la miwa:

Baba arudi na vumbi, la miwa ya mashambani,
Aniuliza ya shule, alala papo kitini.

"Baba hajui kama ninaandika," Bibiana alikuwa amemwambia. "Nikipata ujasiri nitamsomea."

"Naitwa Magreti. Shairi ni langu," Magreti akasema jukwaani, bila hata kupepesa macho. Makofi yalipigwa mpaka akaona haya kidogo. Mwalimu Hezekia akamchagua kwenda kusoma Mikumi wiki iliyofuata.

Jumatano Bibiana akapiga simu. "Dada, nimesikia utasoma Mikumi. Baba ameomba ruhusa kazini. Tunakuja kukusikiliza."

Maskini Magreti, usiku huo alilifungua daftari tena na tena. Baba mdogo angelisikia shairi la binti yake kwa mara ya kwanza likiitwa la mtu mwingine. Kesho yake alimfuata mwalimu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Akamweleza yote huku akilia. "Umenisikitisha," mwalimu akasema. "Lakini Mikumi tutakwenda. La kufanya huko unalijua mwenyewe."

Mikumi, nje ya ukumbi, Magreti alimrudishia Bibiana daftari na kumweleza alichofanya. "Nisamehe, mdogo wangu. Nafasi ni yako. Usipotaka kusoma, halitasomwa."

Bibiana alilichukua daftari, akaingia ndani.

Jina la Magreti likaitwa. Akapanda jukwaani. "Kilosa nilisema shairi ni langu," akasema. "Nilidanganya. Ni la Bibiana, wa Kidodi."

Kisha Bibiana akainuka, akapanda, akasoma kwa sauti ndogo. Kufikia mstari wa pili, baba yake alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika.

"Bado nina hasira na wewe, dada," Bibiana alisema walipotoka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba yake.

"Najua," Magreti akajibu.

Mwalimu Hezekia aliwatazama baba na binti wakienda. "Kazi ya mtu itaje kwa jina lake, Magreti," akasema taratibu. "Ukichukua pesa ya mtu, unaweza kumrudishia. Ungemnyang'anya siku yake kama hii, ungemrudishia nini?"