Kitufe cha Nimeona

Jumatatu saa moja asubuhi, mlango wa chumba namba nne cha ghala la baridi ulipofunguliwa, fundi wa mitambo alikutwa amekaa nyuma yake, mgongo ukutani, kofia kichwani, mikono mapajani. Alikuwa ameganda. Ungedhani ni mtu aliyeambiwa asubiri kidogo, naye akasubiri.

Inspekta alichuchumaa akaitazama mikono ya marehemu. Inspekta huyu alikuwa mama wa miaka hamsini na ushei, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani kwa uzi. Hakupenda kuharakishwa, ingawa yeye mwenyewe aliwaharakisha wenzake bila huruma.

"Daktari, hana hata mchubuko."

"Hana. Hakugonga mlango."

"Mtu afungiwe kwenye baridi kama hii asigonge?"

"Baridi hii huchukua akili kwanza, pumzi baadaye. Lakini mwanzoni nguvu alikuwa nazo. Angeweza kugonga."

Mpini wa ndani ulikuwa umevunjika mwezi mzima. Uongozi ulisema hakuna haja ya haraka, maana kulikuwa na kitufe chekundu ukutani. Aliyefungiwa akikibonyeza, kidirisha huibuka kwenye simu ya mlinzi: Kuna mtu ndani, chumba namba nne. Chini yake kuna kitufe kimoja tu, Nimeona. Mlinzi akikigusa, kengele hunyamaza na taa ya kijani huwaka chumbani, kumjulisha aliye ndani kwamba msaada unakuja.

Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka.

Ghala lilikuwa limefungwa tangu Jumamosi mchana, na mlinzi wa zamu ya siku hiyo alikuwa shemeji ya marehemu, kaka wa mjane. Wiki moja kabla, marehemu alikuwa ametangaza kwamba amepata kazi mbali na atahama na familia yake. Mlinzi alimpigia kelele mbele ya wafanyakazi wote: "Hutamchukua dada yangu nikiwa hai!" Sajini aliposimuliwa hayo alitabasamu. Kwake kesi ilikuwa imeshapikwa, bado kupakuliwa.

Mlinzi aliketishwa kwenye chumba cha mahojiano kabla ya saa nne.

"Jumamosi, saa saba na dakika nne mchana, kengele iliingia kwenye simu yako," alisema Inspekta.

"Sikumbuki kengele, afande."

"Simu alikuwa nayo nani?"

"Mimi."

"Kuna mwingine aliyeishika?"

"Hapana. Nilikuwa nafunga geti niende nyumbani."

"Kitufe cha Nimeona kilibonyezwa. Ulikibonyeza?"

"Kulikuwa na kile kinachouliza nyota. Kila siku kinauliza, umeifurahia programu yetu, tupe nyota ngapi..."

"Sijakuuliza habari za nyota. Ulibonyeza? Ndiyo au hapana?"

"Afande, mimi naona kama..."

"Ndiyo au hapana?"

Mlinzi alikitazama kidole gumba chake.

"Ndiyo," alisema. Kisha machozi yakamtoka. "Basi ni mimi niliyemuua. Andika hivyo. Na mwambie dada yangu asihangaike kunitafutia wakili."

Inspekta aliandika, akamsomea, naye mlinzi akatia saini. Sajini alimpongeza bosi wake njia nzima kurudi ofisini, lakini Inspekta hakuridhika. Alikuwa ameona wauaji wengi katika kazi yake, na wote walitafuta pa kutokea. Huyu alikuwa anatafuta pa kuingia.

Kesho yake kumbukumbu za mfumo zilifika zimechapwa, na Sajini akazisoma kwa sauti.

"Saa saba, dakika nne, sekunde kumi na moja: kidirisha cha nyota kimeibuka. Sekunde ya kumi na tatu: kidirisha cha kengele kimeibuka juu yake. Kimebonyezwa sekunde hiyohiyo."

"Hiyohiyo vipi?"

"Sehemu mbili za kumi za sekunde baada ya kuibuka, afande."

Inspekta alivaa miwani. Alimwagiza Sajini aandike maneno matatu kwenye karatasi, aifiche, kisha aifunue ghafla. Yeye angepiga meza mara tu akishayasoma. Walirudia mara kumi, Sajini akipima kwa saa ya simu, na mara zote kumi Inspekta alichelewa mno.

"Labda afande macho yamechoka," alitania Sajini.

"Haya, jaribu wewe, mwenye macho mapya."

Sajini naye alichelewa mara kumi. Hakutania tena.

"Hakuna aliyekisoma kidirisha kile," alisema Inspekta polepole. "Alikuwa anabonyeza Baadaye, kitufe cha kidirisha cha nyota, ili zimwondokee. Kidole kikiwa njiani, kengele ikaibuka mahali palepale." Alikumbuka mlinzi alivyotaka kumweleza habari za nyota, na alivyomkatiza. Akaona aibu, aibu hasa, ile inayopasha masikio moto.

Msanifu wa vidirisha vya programu ile alikuwa dada mmoja mpole, mwenye meza safi na kucha zilizotafunwa. Alipomwona Inspekta mlangoni, hakuuliza amefuata nini.

"Nimesoma toleo la kwanza la programu yenu," alisema Inspekta akiketi. "Kengele ilipoibuka, kitufe cha Nimeona kilikuwa hakikubali kuguswa kwa sekunde tatu. Nani aliweka kufuli hiyo?"

"Mimi."

"Ya nini?"

"Ili kidole kilichokuwa tayari njiani kisibonyeze kitu ambacho macho hayajakiona."

"Ulijua, kumbe."

"Ndiyo kazi yangu kujua."

"Sasa haipo. Nani aliyeiondoa?"

Swali la ndiyo au hapana lilimfika Inspekta mdomoni, akalimeza. Aliondoa mikono mezani, akasubiri.

"Mimi," alisema msanifu. "Wateja wapya walikuwa wanakuja kuiona. Mkurugenzi akasema sekunde zile tatu zinafanya ionekane imekwama, watatucheka. Na mimi ndiye ningesimama mbele yao. Nilitaka nisifiwe, afande, basi. Niliiondoa kwa siku moja tu."

"Ikawa siku ngapi?"

Msanifu alitoa simu yake, akaiweka mezani, akaisogeza mbele kwa ncha ya kidole. Ulikuwa ukumbusho aliojiwekea mwenyewe: Rudisha kufuli ya kengele. Chini yake iliandikwa: Umeahirishwa mara kumi na moja. Mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana.

"Ulikuwa unafanya nini saa hiyo?"

"Nilikuwa nachagua rangi ya kidirisha cha nyota." Aliugusa ukumbusho kwenye kioo. "Kila siku uliibuka, nami kila siku nikabonyeza Baadaye."

"Ulikuwa unausoma?"

"Mara ya kwanza tu."

Alichukuliwa maelezo siku hiyohiyo. Mkurugenzi alifuata, na meneja wa ghala akaitwa kueleza habari za mpini. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Inspekta aliwahesabu wote, hata yeye mwenyewe. Kwenye jalada la kesi aliandika kwa mkono wake kwamba alimkatiza shahidi mara mbili na kumlazimisha jibu.

Kisha akaenda mahabusu, akafungua mlango.

"Uko huru," alimwambia mlinzi. "Nilikuuliza vibaya. Nisamehe."

Alimweleza habari ya nyota, ya kufuli na ya sehemu mbili za kumi za sekunde. Mlinzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sikumuua?"

"Hukuona."

"Lakini kidole ni changu, afande."

Inspekta alielekeza mkono mlangoni.

"Dada yako yuko nje, anakusubiri. Nimemweleza yote."

"Amesemaje?"

Inspekta alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Ameuliza kama taa ya kijani iliwaka. Nikamwambia iliwaka. Akasema basi sasa anaelewa kwa nini mumewe hakugonga mlango. Alijua zamu ni yako. Alijua ni wewe unayekuja."

Mlinzi alikaa tena kwenye benchi. Mlango ulikuwa wazi, naye hakutoka.