Majina ya Chemchemi

Seva mpya ilikuwa inanuka tope. Kristiana aliinama nyuma yake, akanusa tena: tope la chemchemi, bichi, lenye baridi, na huko nje vumbi la Sumbawanga lilikuwa likipiga madirisha tangu asubuhi.

Vitus, mwenye duka la intaneti, alikuwa amesajili kwa mkupuo majina ya tovuti: chemchemi zote za Ufipa alizozijua. Wenyewe wakija kuzinduka, wayanunue kwake. Kristiana alikwishamuuliza maji ya watu yamekuwaje mali yake, akajibiwa kwamba soko ni huria, anayewahi ndiye mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuelekeza kila jina kwenye seva ile, ili likiitwa popote duniani, seva iitikie.

Kijijini kwao, Pito, chemchemi haiitwi jina. Unanyunyiza unga wa ulezi, unachota, unaondoka kimya. Ukiiita, inakufuata. Alilijua hilo, na bado jina la chemchemi ya kwao, ambalo hapa haliandikwi, alikuwa ameliingiza muda mfupi uliopita. Ajira ni ajira.

Simu ikalia. Mama yake, Bertilla.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maji yamekatika ghafla, mwanangu. Tumeshuka shimo la chemchemi na jirani zetu, akina Coleta, tunachimba."

Nyuma ya seva likadondoka tone. Kisha mengine, kisha ndoo ikaburuzwa juu ya mawe, ndani ya ukuta usio na bomba lolote, na baada ya ndoo ikaja pumzi, pumzi ndefu ya kitu kilichoitwa, kikatembea njia yote kutoka Pito, na sasa kimesimama kinasubiri kuambiwa kimeitiwa nini.

"Mama, tokeni humo," alinong'ona. "Tokeni sasa hivi."

Akalifuta jina. Vitus, aliyekuwa akimtazama kutoka mlangoni, akaja akamsukuma, akakaa mwenyewe kitini.

"Chuo chote kile, na bado unaogopa mizimu? Jina ni langu. Nimeliita mimi."

Akaliandika upya. Pumzi ikasogea. Kristiana akachomoa waya wa seva ukutani.

Kimya. Kiti kilikuwa kitupu, kinachuruzika maji.

"Tumetoka wote," mama alisema simuni, akihema. "Maji yamerudi, yamefurika. Lakini mwanangu, huko chini kuna mwanamume. Anakuita wewe, kwa jina." Akashusha sauti. "Nimwitikie?"